"Mali ikishauzwa hairudishwi": tulinganishe maduka ya nyumbani na ya huko mliko

Mleta uzi (Birmingham)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nafanya kazi kwenye kaunta ya kurudisha bidhaa, duka la nguo na vyombo hapa Birmingham. Kutwa napokea vitu vilivyokataliwa: suruali imebana, pazia halikuendana na makochi, birika la umeme limegoma kuchemsha. Nikipiga simu Dar naambiwa "ninyi wa Ulaya mnarudisha chochote mnapewa hela zenu". Nataka leo tuliweke sawa hilo, halafu wa nchi nyingine mseme ya kwenu.

Kwa Uingereza, cha kwanza: kitu kizima ambacho wewe tu umebadili mawazo, na umekinunua dukani kwa miguu yako, hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kukipokea. Duka linapokwambia una siku 28 au 30 ukiwa na risiti, hiyo ni hiari yake, na kesho anaweza kuipunguza ilimradi wewe uliyenunua jana anakutimizia alichokuahidi. Watu wanagombana na mimi kila wiki kwa hili.

Mtandaoni ni habari nyingine. Hapo una siku 14 tangu mzigo ukufikie kusema siutaki, bila kutoa sababu, na siku 14 nyingine za kuurudisha. Kuna vitu haviingii, kama kilichotengenezwa kwa vipimo vyako, au cha usafi wa mwili ambacho umeshafungua ganda lake. Mantiki yake ni kwamba mtandaoni hukukishika wala hukukijaribu.

Kibovu sasa. Hapa ndipo sheria ya haki za mlaji ya 2015 ina meno. Ndani ya siku 30 unarudishiwa hela yote. Baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, ikishindikana unadai hela au punguzo. Ndani ya miezi sita ya kwanza kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu unanunua, na ni muuzaji wa kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyeiharibu. Kwa kitu ambacho kingetarajiwa kudumu, unaweza kufungua madai hadi miaka 6 England, Scotland 5. Na anayewajibika ni aliyekuuzia. Akikwambia "wapigie waliotengeneza", anakukwepa.

Kubandika tangazo la "hakuna kurudisha" kana kwamba mteja hana haki hata kwa kibovu, hapa ni kosa, maana unamdanganya mteja. Nyumbani tangazo hilo limechapwa kabisa chini ya risiti, limegongwa muhuri, na liko ukutani juu ya kichwa cha keshia pembeni ya picha ya Rais.

Lakini nije kwenye lililonifanya nianzishe uzi. Hapa hakuna anayekujua. Mashine unajilipia mwenyewe, keshia akikuuliza hali huwa hasubiri jibu. Ukiingia Kariakoo unaitwa bosi, unavutiwa kigoda, saizi yako ikikosekana kijana anatoka mbio kwenda duka la jirani kukuletea. Unapunguziwa bei, mtoto anapewa pipi. Halafu kesho yake urudi na blenda iliyokufa: "Hii mmeshampa fundi akafungua." "Umeme wa kwenu una shida." "Bosi hayupo." Ni yule yule kijana wa jana.

Sasa huduma kwa mteja ni ipi kati ya hizo mbili? Mimi nasema tumekuwa hodari wa kukaribisha na wavivu wa kuwajibika. Karibuni mnipinge.

Kiti Moto Barazani

Naweka kiti, karanga ziko mkononi. Wenye maduka wakifika mniamshe.

Duka la Kona (Kariakoo)

Umeniamsha mwenyewe ndugu.

Mleta uzi, nakuheshimu, ila wewe uko kaunta, huko nyuma hukuoni. Hebu nikuulize: lile birika bovu mteja akikurudishia, linakwenda wapi? Nakujibu mimi. Linaingia kwenye kreti, linarudi bohari kuu, kampuni yako inamkata aliyewauzia kwenye malipo ya mwezi unaofuata, na yeye ana mkataba na kiwanda. Hasara imepanda ngazi mpaka juu. Wewe hujapoteza hata senti ndiyo maana unaweza kutabasamu.

Mimi nauza pasi, feni, blenda, taa. Mzigo nachukua kwa tajiri wa jumla, yeye kafunga kontena Guangzhou, na taa nyingi zinatoka Zhongshan. Alilipa hela yote kabla meli haijang'oa nanga. Blenda moja ikifa mkononi mwa mteja wangu, nairudisha wapi? Kuna viwanda vinaongeza vipande vichache vya akiba ndani ya kontena, vikiisha basi. Hakuna atakayesafirisha blenda ya elfu arobaini kurudi China. Tajiri wa jumla naye ananiambia maneno matatu yale yale yaliyo kwenye tangazo langu. Mimi ndiye wa mwisho kwenye mnyororo, na chini yangu kuna wewe tu.

Na faida yangu kwenye hiyo blenda ni elfu tatu, wakati mwingine mbili, kwa sababu umenikalia kooni saa nzima unataka bei ya mwisho. Wewe wa Birmingham hubishani bei na keshia. Bei iliyobandikwa imeshabeba ndani yake hela ya wale watakaorudisha. Mteja wangu anataka bei ya kubishana NA haki ya kurudisha. Achague.

Ndiyo maana sisi tuna utaratibu wetu, ambao wewe unaujua ila umeuruka: tunajaribu mbele yako. Balbu nachomeka inawaka. Feni nazungusha namba zote tatu. Blenda naiwasha unaisikia. Ukitoka mlangoni umeona kwa macho yako kwamba ni nzima. Huko kwenu nani anakufungulia boksi akuwashie?

Na mteja wangu wa siku zote namchenjia. Sitaki risiti wala nini, namjua. Ila asije mtu nisiyemjua na blenda imepigwa maji na barafu gumu mpaka kisu kimepinda aniambie imekuja hivyo.

Mama Leipzig

Duka la Kona kasema jambo, ngoja niongezee la Ujerumani kwa sababu huku ndiko kwenye mfano mzuri wa sheria kali na uso mkavu.

Huduma ya tabasamu msiitafute. Keshia wa supamaketi ya bei rahisi anasukuma vitu kwa kasi mpaka unatoka jasho kuviweka kwenye mfuko, na nyuma yako kuna babu anapumua kwa hasira. Mfuko unanunua au unakuja nao. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, umeishiwa maziwa ya mtoto nenda stesheni ya treni au kituo cha mafuta. Nilipohamia nilidhani wananichukia. Hawanichukii, ndivyo walivyo kwa wote.

Walmart walikuja Ujerumani 1997 na mtindo wao wa Kimarekani, mtu mlangoni wa kukukaribisha, keshia wa kutabasamu, mwingine wa kukupangia vitu mfukoni. Wajerumani hawakuelewa huyu mtu anataka nini. Mwaka 2006 Walmart wakauza maduka yao kwa Metro, kampuni ya Kijerumani, wakaondoka. Kukaribishwa peke yake hakukuwaangusha, bei za washindani wao zilikuwa chini na mambo ya wafanyakazi yaliwashinda, lakini hadithi ya yule wa mlangoni watu wanaicheka mpaka leo.

Sasa uje na kitu kibovu. Miaka miwili muuzaji anawajibika, ni kanuni ya Umoja wa Ulaya nzima, na tangu Januari 2022 mwaka mzima wa kwanza ni yeye wa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Yule yule keshia mkavu anachukua, anagonga, anakurudishia. Hakuombi samahani wala hakuulizi ulikuwa unaifanyia nini.

Kubadili mawazo dukani hakuna sheria, kama Uingereza. Mtandaoni siku 14. Na huku watu wanaitumia! Jirani yangu anaagiza viatu jozi nne, anajaribu sebuleni, anarudisha tatu. Zamani oda ikizidi euro 40 muuzaji ndiye alibeba posta ya kurudisha. Tangu Juni 2014 sheria inaruhusu mnunuzi abebeshwe, ila maduka makubwa mengi yaliendelea kulipa wenyewe kwa kuogopa kukimbiwa.

Bwana Shaka

Jozi nne sebuleni? Na vumbi la Mbagala hili? Viatu vitarudi vimeshakwenda sokoni.

Mdau wa Ohio

Wakuu mnaongelea sheria, Marekani tuwekeeni kando. Hakuna sheria ya taifa inayolazimisha duka kurudisha hela kwa kitu kizima, popote. Majimbo kadhaa, California na New York yakiwemo, yanataka tu duka litangaze masharti yake waziwazi, likikaa kimya linakubana. Ile siku tatu za kujitoa ambazo watu wanazitaja ni kwa wanaouziwa nyumba kwa nyumba na mfano wake, sio ukinunua TV dukani.

Pamoja na hayo, huku ndiko kurudisha ni mchezo wa taifa. Walmart siku 90 kwa vitu vingi. Costco wanapokea karibu kila kitu bila kikomo cha muda, ila vitu vya elektroniki kama TV na kompyuta walivikata hadi siku 90. Tarehe 26 Desemba nenda uone foleni ya watu wanaorudisha zawadi za Krismasi za mashemeji zao.

Maduka hayafanyi hivyo kwa huruma. Yameshapiga hesabu: mtu asiye na hofu ya kununua ananunua zaidi, na akirudi kurudisha anatoka na kingine.

Ila kuna wahuni. Mtu ananunua gauni la harusi ya Jumamosi, anaficha lebo kwapani, Jumatatu anarudisha. L.L.Bean, kampuni ya nguo, walikuwa na ahadi ya maisha yao yote, rudisha wakati wowote. Watu wakawa wanaokota vitu vyao vikuukuu kwenye mauzo ya uani kwa jirani wanapeleka dukani kuchukua vipya. Februari 2018 wakaifuta ahadi hiyo, sasa ni mwaka mmoja na uwe na ushahidi wa kununua. Maduka mengine yanataka kitambulisho na yanahesabu umerudisha mara ngapi, ukizidi unakataliwa.

Kingine kwa mgeni: bei ya kwenye rafu siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo inaongezwa kaunta na kila jimbo lina yake. Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska hazina kodi hiyo ya jimbo. Mtu aliyezoea bei ya Dar yenye VAT asilimia 18 humo humo ndani, hapa anaishiwa chenji mbele ya foleni.

Mkazi wa Rongai

Sisi Kenya tuko na haki ya mtumiaji ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu cha 46, bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Halafu kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Karatasi tuko nazo. Na bado ukutani ni yale yale ya kwenu, bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Supamaketi kubwa zimebadilika lakini. Kuna dawati la wateja, unaenda na risiti, maziwa yameganda kabla ya tarehe, wanakupatia mengine. Ushindani umewafunza adabu. Tuliona Nakumatt ikianguka, tukaona Tuskys, waliobaki wanajua mteja anaweza kuvuka barabara.

Kwa kioski, risiti hakuna. Lakini kuna kitu hamjataja: meseji ya M-Pesa. Ukilipa kwa till, yaani namba ya malipo ya duka, jina la duka, saa na kiasi viko kwa simu yako. Nimeona fundi wa simu akikana kabisa kwamba hajawahi kuniona, nikamfungulia meseji, akakumbuka.

Mleta uzi (Birmingham)

Duka la Kona, hoja ya mnyororo naipokea. Umenifundisha kreti inakokwenda, kwa kweli sijawahi kuifuata. Ila hujanijibu kitu kimoja. Unaposema "unataka na risiti au bila risiti?" na bei zikawa mbili, hapo si China tena. Hapo ni wewe unamnyang'anya mteja ushahidi wake kwa punguzo la elfu mbili. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zipo tangu 2010, wimbo tunaujua wote: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Na mnunuzi asiyedai naye sheria inamtambua kuwa na kosa.

Halafu kuhusu sheria: ya kwetu ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214, ilichotwa kwenye sheria ya Waingereza ya 1893. Ndani yake bidhaa inatakiwa iwe ya kiwango cha kuuzika. Tofauti ni kwamba wenzetu waliendelea kuibadilisha ya kwao mpaka wakafika hiyo ya 2015. Na tunayo Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya 2003, mlaji anaweza kupeleka lalamiko. Wangapi humu wamewahi kupeleka?

Duka la Kona (Kariakoo)

La risiti umenibana, nakaa kimya, simu yangu ina wasomaji wengi.

Ila FCC mtu ataenda kwa blenda ya elfu arobaini? Nauli na siku nzima ya kazi vimeshazidi blenda. Sheria ya kitu kidogo inataka mlango wa karibu. Huko kwenu mlango wa karibu ni wewe hapo kaunta.

Abla wa Deira

Nipo Dubai, nawahudumia akina mama wanaokuja kuchukua mzigo. Huku kuna Dubai mbili. Kwenye mall una risiti, una siku za kubadilisha, kibovu kinapokelewa, na ukikataliwa unalalamika serikalini na duka linajua hilo. Deira sokoni au Dragon Mart ni Kariakoo yenye kiyoyozi: jaribu hapo hapo, hesabu pea hapo hapo, ukishafunga robota umefunga. Mama mmoja alipokea viatu vya mguu mmoja robota nzima, alipoligundua hilo meli ilikuwa imeshapita Mogadishu.

Wageni wengi wanaacha hela yao uwanja wa ndege. VAT huku ni asilimia 5 tangu Januari 2018, na mtalii akinunua kuanzia dirham 250 kwenye duka lililojiunga na mpango, anarudishiwa sehemu kubwa ya kodi akitoka. Aoneshe pasipoti wakati ananunua, na akifika uwanjani apite kwenye kaunta ya kodi kabla hajakabidhi mabegi.

Mleta uzi (Birmingham)

Hapo mmetuzidi. Uingereza ilikuwa nao mpango wa kuwarudishia wageni VAT, ukafutwa Januari 2021 kwa wanaonunua dukani England, Scotland na Wales. Na VAT yetu ni asilimia 20.

Binti Kimara

Mmesahau maduka ya Instagram. "Bei njoo inboksi." Ukifika inboksi, "tuma hela kwanza, hatuchenji, haturudishi". Kwa wenzetu mtandaoni ndiko kwenye haki kubwa kuliko dukani, kwetu ndiko hakuna kabisa. Mimi nanunua kwa anayekubali nilipe mzigo ukifika, bodaboda asubiri getini nijaribu.

Swali langu: kaka yuko London anataka kuninunulia TV na simu. Waranti yake itafanya kazi Dar?

Mleta uzi (Birmingham)

Haki ya kisheria aliyonayo kaka yako ni dhidi ya duka lililomuuzia kule, kwa hiyo TV ikigoma Kimara itabidi irudi London, na nauli yake unaijua. Waranti ya mtengenezaji ni kitu kingine, asome kama ni ya dunia nzima au ya nchi moja, nyingi za TV ni za nchi au ukanda. Umeme hauna shida, volti zinafanana na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Akinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, sheria ya mikopo ya 1974 inaifanya benki iwajibike pamoja na duka.

Mdau wa Ohio

TV ya huku usiletewe. Volti 120, fundi wa Kimara atakula hela yako bure.

Duka la Kona (Kariakoo)

Simu, kabla hujalipa popote hapa mjini, piga *#06#, chukua namba ya utambulisho wa simu inayotokea, itume kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakujibu ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na ulichoshika mkononi, rudisha kabatini. Tangu zile feki zilipozimwa Juni 2016 hakuna kisingizio. Na risiti ya EFD piga picha siku hiyo hiyo, ile karatasi inafifia, baada ya miezi michache umebaki na kipande cheupe na mimi nitakuuliza umeandika nini hapa. Ukiwa na namba ya uhakiki unaingia tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, unaiona.

Bwana Shaka

Na mtumba je? Shati la soko la Karume likichanika kesho yake namdai nani?

Mleta uzi (Birmingham)

Hapa hata mtumba ukiuzwa na duka umo kwenye sheria ile ile ya 2015. Ila kasoro uliyooneshwa au iliyokuwa wazi ulipoikagua huwezi kuidai, na umri wa shati unahesabiwa.

Bwana Shaka

Basi lile lilishachanika kwapani nikaliona. Nimejijibu.